Zebaki na Mtindi

Katika mialo ya kuchenjulia dhahabu huku Msalala, Kanda ya Ziwa, kuanzia Segese hadi Lunguya na Kakola, hakuna anayehitaji kuelezwa zebaki ni nini. Humiminwa kwenye karai lenye mchanga uliosagwa na karasha, ikachanganywa kwa mkono mtupu mpaka inase punje za dhahabu, kisha ikakamuliwa kwenye kitambaa. Linabaki donge la rangi ya fedha. Donge hilo likichomwa, zebaki hupaa na dhahabu hubaki. Mama mmoja niliyemkuta akichenjua nilimwamkia, "Mwangaluka, mayu," naye akaitikia mikono ikiwa bado ndani ya karai. Nilipomuuliza kama zebaki haimdhuru ngozi alinijibu kwa upole: "Mikono imezoea, mwanangu. Jioni naipaka tu mafuta."

Ngozi inazoea nini hasa? Na mafuta ya jioni yanairudishia kitu gani? Maswali haya nimeyatafakari kwa muda mrefu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hatuwezi kuyajibu bila kuwataja viumbe wadogo mno wanaoishi juu ya mikono ya mama yule, viumbe ambao hatujawahi kuwahesabu kuwa sehemu ya mwili wake.

Kwa haki, zebaki ya kwenye karai haipenyi ngozi kwa wingi. Madhara yake makubwa huja donge linapochomwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya mvuke unaovutwa huingia kwenye damu kupitia mapafu. Lakini ukanda huu una zebaki ya pili, isiyong'aa wala kuteleza, ambayo imetengenezwa makusudi ili ipite kwenye ngozi. Hiyo ni chumvi ya zebaki inayotiwa kwenye baadhi ya krimu na sabuni za kujichubua, zile ambazo mtaani tunaziita mkorogo. Masazumi Harada, daktari wa Kijapani aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwahudumia watu walioathirika kwa zebaki kule Minamata, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 1999 matokeo ya kupima nywele za watu wa Kanda ya Ziwa: wachimbaji wa dhahabu, wavuvi na familia zao, na wakazi wa mji wa Mwanza. Mtu angetarajia hatari yote itoke machimboni. Lakini walipotafuta chanzo cha viwango vya kutisha walivyovikuta kwa watu wachache, walielekea chumba cha kuogea. Ilikuwa sabuni.

Habari hiyo haikupaswa kumshangaza mtu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika juu ya wagonjwa 60 wenye maradhi ya figo yanayovimbisha mwili na kuufanya mkojo upoteze protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Wengine walipoacha krimu, figo zilipata nafuu. Hadi hapo ngozi ilikuwa imeshamfungulia mlango mgeni aliyekwenda kuharibu vyumba vya ndani kabisa.

Jambo ninalotaka tulitazame kwa makini ni hili: sabuni nyingi za aina hiyo ziliuzwa kwa jina zuri. Ziliitwa sabuni za kuua vijidudu. Na kweli zilikuwa zikiua. Zebaki ilikuwa dawa ya kuua vimelea kwa vizazi vingi. Ile dawa nyekundu ya vidonda ambayo wazazi wetu walipakwa magotini shuleni ilikuwa na zebaki ndani yake. Kwa hiyo mtu aliyejipaka zebaki ili awe mweupe alikuwa akifanya mambo mawili kwa mpako mmoja. Alikuwa akizuia ngozi yake isitengeneze rangi inayoikinga na jua, na alikuwa akiwashambulia wakazi wake halali.

Wakazi hao ni wa namna nyingi. Kwenye ngozi ya mtu mzima wapo bakteria kwa mabilioni, pamoja na fangasi wa aina mbalimbali. Kwapani hawafanani na wa kiganjani, na wa puani hawafanani na wa mgongoni. Mmoja wao, Staphylococcus epidermidis, yupo karibu kwa kila binadamu. Hutoa kemikali zinazowazuia vijidudu wakorofi, na huisaidia ngozi kupata aina ya mafuta yanayozuia maji ya mwili yasipotee. Binamu yake, Staphylococcus aureus, ndiye tunayekutana naye kwenye majipu na vidonda vinavyotunga usaha. Hali inayoamua nani atamiliki eneo ni pamoja na uchachu. Mwaka 1928 Wajerumani wawili, Heinrich Schade na Alfred Marchionini, walieleza kwamba juu ya ngozi kuna tabaka lenye uchachu kidogo, nao wakaliona kuwa ni kinga. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba ngozi yenye afya huwa na pH ya karibu 5. Sabuni ya mche, ile ile tunayofulia, ina pH ya 9 au 10, na vijijini wengi wetu tunawaogeshea hata watoto wachanga. Ngozi ya mtu mzima mwenye afya huurudisha uchachu wake baada ya saa chache. Ngozi ya mtoto mwenye pumu ya ngozi hupata taabu kubwa kuurudisha.

Mkulima yeyote wa Usukuma anajua kwamba shamba lililopaliwa mpaka udongo ukabaki mtupu halikai tupu. Mvua ikinyesha, gugu ndilo linalowahi. Kwa watu wenye pumu ya ngozi, yule Staphylococcus aureus hukutwa kwenye mabaka yanayowasha kwa takribani wagonjwa 7 kati ya 10, na mabaka yakizidi naye huzidi, huku wakazi wengine wakipungua. Hapo ndipo wazo la probiotiki za kupaka lilipozaliwa. Kama tatizo ni nafasi iliyochukuliwa na mkorofi, kwa nini tusimrudishe mkazi wa zamani?

Wazo lenyewe linavutia, hasa kwetu sisi tuliokulia kwenye maziwa. Kabla mafuta ya dukani hayajaenea, ngozi huku Usukuma ilipakwa samli iliyotokana na maziwa yaliyoganda ndani ya kibuyu, yakasukwasukwa mpaka siagi ikajitenga. Kibuyu hakikuoshwa hadi kikawa kama kipya. Kilibaki na mbegu ya maziwa ya jana, na hiyo ndiyo iliyogandisha maziwa ya leo. Watafiti wa Kenya walioyachunguza maziwa ya namna hiyo ya Wamaasai, yanayoitwa kule naoto, waliripoti mwaka 2004 kwamba bakteria aliyetawala humo ni Lactobacillus plantarum, ambaye leo anauzwa kwa bei kubwa ndani ya vidonge na krimu za Ulaya. Wafugaji wa Afrika Mashariki wamemlea kiumbe huyo vizazi na vizazi bila maabara. Hili linanipa fahari, na sioni sababu ya kulificha.

Lakini fahari isituharakishe. Mwaka 2001 Shirika la Chakula na Kilimo pamoja na Shirika la Afya Duniani waliwakutanisha wataalamu mjini Córdoba, Argentina, ili kukubaliana probiotiki ni nini. Walisema ni vijidudu vilivyo hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humletea faida ya kiafya anayevipokea. Masharti ni matatu: viwe hai, viwe vya kutosha, na faida ionekane. Mwenyekiti wa wataalamu wale alikuwa Gregor Reid, profesa wa Canada, na miaka michache baadaye mtu huyo huyo akawa anafanya kazi Mwanza. Kupitia mpango wa chuo kikuu chake ulioitwa Western Heads East, na kwa ushirikiano na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, akina mama wa Mwanza walianza mwaka 2004 kutengeneza mtindi wenye bakteria Lactobacillus rhamnosus GR-1, hasa kwa ajili ya watu waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI. Mtindi huo ulikuja kujulikana kwa jina la Fiti.

Kutokana na kazi hiyo ulitoka utafiti ambao ningependa usomwe kwa sauti kwenye kila mwalo wa Msalala. Ulichapishwa mwaka 2014, na miongoni mwa waandishi wake ni Jordan Bisanz, Gregor Reid na John Changalucha wa NIMR Mwanza. Wajawazito 60 na wanafunzi 44 wa Mwanza walifuatiliwa. Waliopangiwa mtindi huo walikunywa ukiwa umechanganywa na mlonge, na damu ilipimwa madini yenye sumu. Kwa wajawazito waliokunywa, zebaki na aseniki katika damu hazikupanda kama zilivyopanda kwa wenzao. Kwa watoto, ambao walifuatiliwa kwa siku 25 tu, tofauti haikutosha kuthibitisha lolote. Ulikuwa utafiti mdogo wa majaribio, na wenyewe waliuita hivyo. Hata hivyo natafakari maana yake kwa mama anayechenjua: kiumbe kinachogandisha maziwa kilionekana kumsaidia mjamzito wa Kanda ya Ziwa dhidi ya sumu ile ile inayozunguka kwenye uchumi wa kanda yake.

Bakteria yule alipita tumboni. Hakupakwa. Tofauti hii wauzaji wa vipodozi huiruka, na ndipo mteja anapopotea.

Ukichukua krimu nyingi zinazotangazwa kuwa za probiotiki, ukazisoma nyuma ya kopo, utakuta ndani yake hakuna kilicho hai. Krimu yenye maji inahitaji vihifadhi ili isiote ukungu, na kihifadhi hakibagui. Kinaua bakteria mwema sawa na mbaya. Kwa hiyo watengenezaji hutia vipande vya bakteria waliopasuliwa, au majimaji waliyokuwamo walipokuwa wakichachusha. Baadhi ya vipande hivyo vina kazi nzuri. Kampuni za Ufaransa kwa mfano hutumia Vitreoscilla filiformis, bakteria wa chemchemi za maji moto, na zimeonyesha kwamba huweza kutuliza ngozi inayowasha. Sina ugomvi na hilo. Ila kwa kipimo cha Córdoba, hiyo si probiotiki, na mteja wa Kahama anayelipa kwa fedha za dhahabu iliyomgharimu jasho ana haki ya kuambiwa anachonunua.

Majaribio ya vijidudu vilivyo hai kweli yapo, nayo yanafundisha subira. Mwaka 2018 Ian Myles wa taasisi za afya za serikali ya Marekani aliripoti kuhusu watu wazima 10 na watoto 5 wenye pumu ya ngozi, waliopuliziwa Roseomonas mucosa, bakteria waliochukuliwa kwenye ngozi za watu wenye afya njema. Wengi walipata nafuu, na magazeti yakaishangilia habari hiyo. Mwaka 2021 kampuni iliyochukua wazo hilo kwenye jaribio kubwa zaidi ikatangaza kwamba dawa yake haikufikia lengo lililowekwa. Mwaka huo huo kundi la Richard Gallo wa San Diego lilichapisha jaribio la Staphylococcus hominis A9 kwa watu 54 kwa muda wa wiki moja. Bakteria mkorofi alipungua kwenye ngozi, ila ugonjwa wenyewe, kwa wagonjwa wote wakijumlishwa, haukupungua kwa kiwango cha kuridhisha. Waliofaidika ni wale ambao mkorofi wao alikuwa wa aina inayouawa na A9. Maana yake kila ngozi ina historia ya wakazi wake, na tiba moja ya kopo haitawafaa wote.

Nasikia swali la mzazi wa Segese: basi kama krimu ya hai haipo dukani, na mtindi ninao jikoni, si nimpake mtoto? Nakuomba, ndugu yangu, usimpake kwenye ngozi iliyochubuka. Asidi ya maziwa ni jambo jema. Ipo kwa asili ndani ya ngozi yetu, ikishika unyevu, na wataalamu huitia kwenye losheni kwa kipimo kinachojulikana. Lakini mtindi wa nyumbani hauna kipimo. Maziwa mabichi ya ng'ombe yanaweza kubeba vimelea vya ugonjwa wa kutupa mimba, brusela, ambavyo hupita kwenye mikwaruzo ya ngozi, kama wanavyojua wafugaji na madaktari wa mifugo. Mtoto mwenye pumu ya ngozi anaweza pia kupata mzio wa chakula kwa kupakwa chakula hicho kwenye ngozi iliyopasuka, kabla tumbo lake halijapata nafasi ya kukizoea. Mtindi anywe, utokane na maziwa yaliyochemshwa. Ngozi ipakwe mafuta yasiyo na manukato.

Na hapa narudi kwenye mafuta ya jioni ya yule mama, kwa sababu alikuwa na busara kuliko matangazo mengi. Mafuta mazito ya kawaida, yakipakwa ngozi ikiwa bado na unyevu wa maji, hufunga nyufa. Ukuta huo wa ngozi ukifungwa, uchachu hurudi, na uchachu ukirudi wakazi wa zamani hurejea wenyewe. Kwa watoto wenye pumu ya ngozi, madaktari wa ngozi huanzia hapo, na wakati wa kuwashwa sana huongeza krimu ya steroidi kwa siku na kiwango walivyoandika. Nasema walivyoandika kwa sababu steroidi hizo hizo ndizo zinazokorogwa kwenye mkorogo na kupakwa usoni miaka mingi, mpaka ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na fangasi wanapata makao. Mkorogo ni kinyume kamili cha wazo la probiotiki. Huondoa rangi, hufukuza wakazi, hupunguza unene wa ukuta, halafu huitwa urembo.

Sheria hazijakaa kimya. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unagusa zebaki zote mbili, ya kwenye karai na ya kwenye kopo. Bunge la Afrika Mashariki mwaka 2019 lilipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama zizuie vipodozi vyenye haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kujichubua. Vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka huo. Lakini sheria hufika Segese ikiwa imechoka, na krimu hufika kwenye begi la mchuuzi ikiwa haina hata jina la mtengenezaji.

Katika ukanda huu haiwezekani kuzungumza juu ya ngozi bila kusema jambo jingine. Ngozi imewahi kuwekewa bei hapa. Tangu miaka ya 2006 na 2007 ndugu zetu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa waliwindwa, wakauawa na kukatwa viungo, kwa uongo kwamba miili yao ingeleta utajiri, pamoja na utajiri wa dhahabu. Watoto walipelekwa kulelewa kwenye kituo cha Buhangija, Shinyanga, mbali na wazazi wao, ili wabaki hai. Nikifikiri kwamba katika eneo hilo hilo wapo waliokuwa wakilipa ili weusi wao uondoke, moyo unaniuma. Ngozi nyeusi ilionekana haitoshi, na ngozi isiyo na weusi ilionekana bidhaa. Tulikuwa tumesahau kabisa kazi ya ngozi, ambayo ni kumtunza mtu aliye ndani yake.

Kazi hiyo imekumbukwa Moshi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, kilichoanzishwa mwaka 1992, kimefundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, na kina sehemu ya kutengenezea dawa za kupaka kwa viambato vinavyopatikana kwa urahisi. Humo ndimo ilimozaliwa krimu ya kuzuia jua iitwayo Kilisun, kwa juhudi za mfamasia Mhispania Mafalda Soto Valdés na wenzake Watanzania, ikilenga watu wenye ualbino na mazingira yao halisi: jua la saa sita, kazi ya shambani, kipato kidogo. Hawakungoja kopo la Ulaya lishuke bei.

Kwa hiyo nikiulizwa probiotiki ya kupaka ya Kanda ya Ziwa ingetoka wapi, jibu langu liko kati ya Moshi na Mwanza. Mwanza wanajua kumkuza bakteria kwenye ndoo ya maziwa na kumhesabu. Moshi wanajua kutengeneza krimu inayostahimili joto letu na kumfikia mtu wa kijijini. Sharti la uhai ndilo gumu zaidi, maana kiumbe hai ndani ya krimu kinahitaji ubaridi, na umeme wa Segese hukatika. Lakini akina mama wa Mwanza walikwishalikabili tatizo la namna hiyo kwenye mtindi, na mashariki mwa Afrika sasa kuna mbegu kavu ya unga, gramu 1 ikitosha kugandisha lita 100 za maziwa. Unga mkavu unaokorogwa kwenye mafuta yasiyo na maji, jioni, kiganjani, dakika ile ile ya kupaka: hilo ni jambo la kujaribiwa na watafiti wetu kwa watu wetu, kwa kipimo na kwa ridhaa, na kuanzia kwenye mikono ya wanaochenjua.

Kabla ya hapo ningeanza na karai. Chungu cha kuchomea kinachonasa mvuke wa zebaki na kuirudisha kuwa majimaji kipo, ni cha chuma, mafundi wa Kahama wanaweza kukiunda, na mchenjuaji hufaidika kwa kuwa zebaki yake haipotei hewani. Glovu zipo. Maji safi ya kunawa, yakiwa na sabuni isiyo kali, yanaweza kuwekwa kando ya kila mwalo kwa gharama ndogo kuliko ya karasha moja. Mama yule akinawa, akapaka mafuta yake, wakazi wa mikono yake wanaweza kuanza kurejea usiku huo huo.